Mzigo wa Dawa: Malale katika Bonde la Lualaba

Tarehe 27 Februari 1905, mjini Kasongo, alifariki daktari Mwingereza aitwaye Joseph Everett Dutton. Umri wake ulikuwa miaka 30. Miaka mitatu hivi kabla ya hapo, akiwa Gambia, alitazama kwa hadubini damu ya nahodha mmoja wa meli akakitambua kimelea cha malale, cha kwanza kupata kutambuliwa katika damu ya binadamu. Lakini malale siyo yaliyomuua. Alikufa kwa homa ya papasi, na uchungu wa habari hii ni kwamba yeye na mwenzake, John Lancelot Todd wa Kanada, walikuwa wametoka tu kuthibitisha, kwa majaribio waliyowafanyia kima huko Maporomoko ya Stanley, kwamba homa hiyo huletwa na papasi: yule kupe anayejificha mchana katika nyufa za sakafu ya udongo na kutoka usiku kumnyonya aliyelala. Kijidudu cha homa hiyo hadi leo kinaitwa kwa jina la Dutton.

Papasi hamchagui msomi wala mjinga, huchagua mahali pa kulala. Mabanda ya wasafiri kando ya njia za misafara yalikuwa na papasi wengi kwa sababu kila jioni yalipata wageni wapya. Ukilala chini, kwenye mkeka, katika banda lililolaliwa na mia kabla yako, elimu yako haikusaidii kitu. Kitanda kilichoinuka juu ya sakafu kinasaidia zaidi. Nimeanza na kifo hiki kwa sababu katika mambo ya maradhi ya kuambukiza tunapenda sana kuzungumza juu ya vijidudu na dawa, na tunasahau kuuliza mtu analala wapi, anasimama wapi, anabeba nini na ameamshwa saa ngapi.

Njia zilizomfikisha Dutton Kasongo zilikuwa za zamani. Nyangwe, kaskazini-magharibi ya Kasongo, juu ya ukingo wa kulia wa Lualaba, kilikuwa kituo cha wafanyabiashara waliotoka pwani kupitia Ujiji kutafuta pembe na watumwa. David Livingstone alifika hapo mwishoni mwa Machi 1871, akakuta soko ambalo siku yake ikifika lilikusanya watu hadi 3,000, wengi wao wanawake waliovuka mto kwa mitumbwi na samaki, chumvi, vyungu na kuku. Tarehe 15 Julai mwaka huohuo watu wa wafanyabiashara waliwafyatulia risasi sokoni. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba waliokufa ni kati ya 330 na 400, wengi wakizama mtoni walipojaribu kukimbilia mitumbwi. Tippu Tip, mkubwa wa wafanyabiashara hao, alijijenga Kasongo, na mwaka 1893 majeshi ya kamanda Dhanis, kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, yakaiteka Nyangwe mwezi Machi na Kasongo mwezi Aprili. Bendera ilibadilika, lakini safari za kulazimishwa hazikukoma. Baada ya wapagazi wa pembe wakaja wapagazi wa serikali, askari, wapiga makasia, wakata kuni za meli na wakusanya mpira.

Ndipo mbung'o, inzi anayeeneza malale, akapata nafasi yake. Mbung'o wa mitoni hapendi jua kali. Hukaa katika kivuli cha miti iliyoinamia maji, kwenye gati la mitumbwi, mahali pa kuteka maji na kufulia nguo. Mwanamke anayeinama kujaza mtungi hawezi kumfukuza inzi mgongoni kwake, na mpiga kasia ameshika kasia kwa mikono miwili. Kadiri watu walivyosukumwa kutoka mto hadi mto, wakiwa na njaa na uchovu, ndivyo kimelea kilivyosafiri pamoja nao. Mwanzoni mwa karne ya ishirini malale yalikuwa yanaua watu kwa maelfu kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria upande wa Uganda, na habari zilizotoka mito ya Kongo zilimtia Leopold hofu ya kupoteza nguvukazi. Mwaka 1903 akaialika Shule ya Tiba za Tropiki ya Liverpool. Dutton, Todd na Cuthbert Christy wakatumwa.

Kazi waliyopewa ilikuwa ya kutisha kwa ukubwa wake: kujua ugonjwa uko wapi katika nchi isiyo na barabara, kwa hadubini moja au mbili. Kutafuta kimelea katika tone la damu ni kazi ya polepole, na jicho huchoka. Dutton na Todd wakashikilia njia nyepesi zaidi. Mgonjwa wa malale huvimba tezi za shingo. Basi watu wapangwe mstari, mpimaji apite nyuma yao, vidole viwili kila upande wa shingo, na mwenye tezi achomwe sindano, majimaji yake yatazamwe chini ya hadubini. Walipendekeza kwamba mwenye tezi zilizovimba ahesabiwe mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo, na kwamba wagonjwa wazuiwe kuingia maeneo ambayo bado ni salama.

Kwa mpimaji huu ulikuwa ufumbuzi wa busara kabisa. Vidole havihitaji mafuta ya taa wala vioo, havichoki upesi kama jicho, na kijiji kizima kinaweza kupitiwa asubuhi moja. Lakini mzigo wa kazi hauyeyuki. Ukimwondokea mmoja, umemwendea mwingine. Aliyebeba sasa ni yule mwenye shingo, aliyesimama juani mbele ya jirani zake, akaguswa kutoka nyuma na mtu asiyejua lugha yake, akaambiwa hawezi kwenda sokoni ng'ambo ya mto bila karatasi, na pengine hakuwa na malale hata kidogo, maana tezi za shingo huvimba kwa sababu nyingi. Soko kama la Nyangwe liliishi kwa kuvuka mto. Kumkataza mtu wa Lualaba kuvuka ni kumkataza kula.

Kilichofuata kilikuwa lazareti, yaani kambi za kuwatenga wagonjwa. Mgonjwa alipelekwa mbali na kwao, akalindwa, akadungwa atoksili, dawa yenye aseniki ambayo Liverpool yenyewe ilikuwa imeanza kuitetea mwaka 1905. Dozi ikizidi, mshipa wa jicho unakufa. Robert Koch aliitumia mwaka 1906 na 1907 katika visiwa vya Ssese vya Ziwa Viktoria, na wagonjwa wake 22 wakapofuka. Katika lazareti ya Ibembo, kaskazini mwa Kongo, wagonjwa walitoroka na ghasia zikazuka. Watu waliona kwamba anayepelekwa kule harudi, au anarudi kipofu, na uamuzi wao wa kuwaficha wagonjwa msituni ulikuwa uamuzi wa watu wenye akili timamu walioyasoma matokeo kwa macho yao. Wakubwa wa serikali waliandika habari za ujinga na ukaidi wa wenyeji. Kadiri wagonjwa walivyofichwa ndivyo mbung'o alivyozidi kupata damu yenye kimelea.

Serikali ya Ubelgiji iligeuza mwendo polepole. Vituo vya sindano vikasogezwa karibu na vijiji, na vikosi vya kutembea vikazunguka na hadubini, daftari na wauguzi Wakongo waliofunzwa kazi hiyo moja mpaka wakaibobea. Kulazimishwa hakukuisha, na sioni sababu ya kuusifu ukoloni kwa kupunguza moto ambao uliuchochea wenyewe. Hata hivyo ilipokaribia mwaka 1960 wagonjwa wapya nchini kote walikuwa wameshuka hadi takriban 1,000 kwa mwaka. Mbinu iliyoleta idadi hiyo ilikuwa ya kumfuata mgonjwa alipo badala ya kumvuta.

Hapa inafaa kutoka kidogo Maniema, jimbo lenye Kasongo na Nyangwe. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia marubani wa Marekani waliokwisha kutua salama walikuwa wanainua magurudumu ya ndege ikiwa bado inakimbia ardhini, na ndege inalalia tumbo. Waliitwa wazembe. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis akaenda kutazama ndani ya chumba cha rubani, akaona kwamba mkono wa magurudumu na mkono wa mabawa ya kutulia ulikuwa kando kwa kando na unafanana. Akashauri mmoja utiwe kichwa cha mpira chenye umbo la gurudumu, mwingine umbo la kabari. Makosa yakaisha. Kutoka katika vita hivyo ikakua elimu inayoitwa ergonomia, ambayo msingi wake ni kwamba kazi ndiyo ikatwe kumfuata mtu, na kwamba kosa likirudiwa na watu wengi wenye akili, kichunguzwe kifaa kabla ya kuwachunguza wao. Walioendesha lazareti hawakuwa na elimu hiyo, lakini hata walioijua hawakuileta upesi katika wodi za malale.

Mwaka 1949 ilikuja melarsoproli, nayo ya aseniki. Iliwaponya watu ambao ubongo wao ulikwisha kuingiliwa, jambo ambalo lilikuwa halijawezekana kwa uhakika. Bei yake ilikuwa kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya ishirini aliuawa na dawa yenyewe. Ilichanganywa na kimiminiko kinachounguza mshipa na kuharibu plastiki, kwa hiyo muuguzi alihitaji bomba la sindano la kioo na mkono usiotetemeka: tone likitoka nje ya mshipa, nyama ya mkono inaoza. Tena, kabla ya kuamua nani apewe, ilibidi kila mgonjwa atobolewe uti wa mgongo na kutolewa maji ili kujua ugonjwa umefika wapi. Miaka mingi baadaye, mwaka 2012, Alain Mpanya na wenzake walichapisha utafiti uliowauliza watu wa Kasai kwa nini hawaji kupimwa. Majibu yalikuwa ya watu wanaopiga hesabu. Sindano ya mgongo inatisha. Kikosi kinapima hadharani na kila mtu anajua majibu ya jirani. Mgonjwa anaambiwa akae miezi sita bila kazi ngumu, bila jua, bila chakula cha moto, bila kulala na mwenzi wake. Mkulima gani atajipeleka?

Kasongo kwenyewe, katika miaka ya 1970, lilifanyika jaribio ambalo wasomi wa afya ya jamii wanalitaja hadi leo huku wengi wa Maniema wakiwa hawajalisikia. Madaktari wa Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, na wenzao wa Taasisi ya Tiba za Tropiki ya Antwerp walijenga huduma ya wilaya kuanzia kituo kidogo cha afya. Muuguzi mmoja au wawili karibu na vijiji, na kila jambo la mtu wa kawaida mahali pamoja: mtoto, mama mjamzito, kikohozi kisichopona, kidonda. Hospitali ya mjini ilisaidia yanayoshinda kituo. Maandiko yao waliyatia saini kwa pamoja, Kikundi cha Mradi wa Kasongo, bila jina la bwana mkubwa. Mwaka 1981, katika jarida la Lancet, walieleza kwamba chanjo ya surua iliwapunguzia vifo watoto katika umri ambao surua inashika zaidi, lakini tofauti hiyo ilielekea kupungua walipokua, kwa kuwa maradhi mengine na utapiamlo vilikuwa vinawasubiri. Waliokuwa wanapendelea kampeni za ugonjwa mmojammoja hawakufurahi, na ubishi ule haujaisha. Mwaka 1984 kikundi hichohicho kilionyesha kwamba huduma ya msingi inaweza kutolewa kwa chini ya dola moja kwa mtu kwa mwaka.

Ninachokiona mimi katika kazi ya Kasongo ni heshima kwa kikomo cha mtu. Muuguzi hakuombwa kuwa daktari, na mama hakuombwa kuja Jumatatu kwa chanjo, Jumatano kwa uzani na Ijumaa kwa dawa ya minyoo, kila safari mguu kwa mguu na mtoto mgongoni.

Kisha nchi ikaanguka. Fedha za vikosi vya malale zikakauka, vita vikapita, na mwaka 1998 Kongo ikaandika wagonjwa wapya zaidi ya 26,000, ambao ni wale waliofikiwa tu. Dunia ilikuwa na dawa nyingine, eflornithini, isiyo na aseniki. Wagonjwa walipona bila kuuawa na tiba. Lakini tuitazame kazi yake katika wodi ya kijijini. Kila mgonjwa alihitaji dripu nne kwa siku, kila baada ya saa sita, kwa siku 14. Hizo ni dripu 56. Kila moja ina robo lita, kwa hiyo mgonjwa mmoja anahitaji lita 14 za maji safi ya dawa, na kila dripu inakaa muda wa saa mbili hivi mkononi. Ya kwanza saa kumi na mbili asubuhi, ya pili saa sita mchana, ya tatu saa kumi na mbili jioni, ya nne saa sita usiku. Wodi haina umeme. Muuguzi yuko peke yake na ana wagonjwa wanne: dripu 16 kati ya alfajiri na alfajiri, mshipa utafutwe kwa mwanga wa kurunzi, kwenye mkono uliokwisha kuvimba kwa sindano za juzi. Akisinzia, dripu inakauka na damu inarudi kwenye mpira. Asiponawa mikono, usaha unaingia mshipani. Sanduku la tiba ya wagonjwa wawili lilikuwa na uzito wa kilo 40.

Ndiyo maana melarsoproli iliendelea kutumika miaka mingi baada ya kupatikana kwa dawa bora. Wauguzi walijua vizuri kabisa ipi inaua. Walikuwa wanachagua kati ya dawa inayoua mmoja katika ishirini na dawa isiyowezekana kutolewa, na lawama haiwezi kuwekwa mlangoni kwao.

Mwaka 2009 jibu la kwanza likaja: eflornithini ikichanganywa na vidonge vya nifurtimoksi, dripu zikashuka kutoka 56 hadi 14, mbili kwa siku kwa siku saba. Usiku wa manane ukarudishwa kwa muuguzi. Sanduku la wagonjwa wanne sasa lilikuwa kilo 36, mzigo wa baiskeli moja katika njia za Kasongo na jirani yake Kabambare. Hakuna kemia mpya kubwa iliyogunduliwa hapo. Dawa zote mbili zilikuwapo, na kilichobadilika ni hesabu ya kazi.

Mwaka 2013 hivi vikaenea vipimo vya haraka vya tone la damu ya kidole, vinavyotoa jibu kwa dakika 15. Katika lililokuwa jimbo la Bandundu vikosi vikubwa vya gari vikasaidiwa na vikosi vidogo vya pikipiki vinavyoweza kuingia njia za miguu. Na mwisho wa mwaka 2018 ikakubaliwa fexinidazoli, vidonge vya siku kumi ambavyo kwa wagonjwa wengi vimeondoa sindano ya mgongo na dripu zote. Mwaka huo wagonjwa walioandikwa duniani kote walikuwa chini ya 1,000. Hata hivyo kidonge nacho kina masharti yake. Fexinidazoli haiingii mwilini vizuri bila chakula, kwa hiyo mgonjwa lazima ashibe kwanza, na mtu wa afya ashuhudie akimeza. Katika nyumba yenye mlo mmoja kwa siku, sahani ya ugali ni sehemu ya tiba, na anayepanga kampeni bila kuipangia sahani hiyo hajamaliza kupanga. Maniema ni miongoni mwa majimbo ambayo malale hayajaondoka.

Somo hilo limerudi katika dharura zilizofuata. Wakati wa ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuua watu 2,287 kabla ya kutangazwa kwisha Juni 2020, mhudumu aliyevaa mavazi ya kujikinga alivumilia muda wa saa moja tu hivi kabla ya joto kumshinda, na mgonjwa aliyelala hakuona uso wa mtu. Shirika la ALIMA likaleta Beni chumba cha plastiki inayopitisha mwanga, chenye mikono ya glavu iliyoshonwa ukutani. Muuguzi akakaa nje na nguo zake za kawaida, akaingiza mikono, akahudumu kwa muda mrefu, na ndugu wakasimama karibu wakamtazama mgonjwa wao machoni. Wale waliokuwa wanaeneza uvumi kwamba humo ndani watu wanauawa walipungukiwa na hoja, kwa kuwa kila mtu aliona.

Na sasa mpoksi. Mwezi Oktoba 2022 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba ya Kongo, INRB, pamoja na wenzao wa Marekani, walianza kuijaribu dawa ya tekovirimati katika vituo viwili: Kole huko Sankuru, na Tunda, katika eneo la Kibombo, jirani wa Kasongo ng'ambo ya Lualaba. Wagonjwa 597 waliingia, watoto na watu wazima. Nusu walipewa dawa, nusu vidonge visivyo na kitu. Wote walilazwa siku zisizopungua 14, wakatibiwa vidonda, wakapewa lishe, wakaangaliwa malaria na maradhi mengine. Matokeo yalitangazwa Agosti 2024. Dawa haikuharakisha vidonda kupona. Lakini kati ya wote walioingia, waliomeza dawa na wasioimeza, waliokufa walikuwa asilimia 1.7, wakati kiwango cha vifo vya mpoksi katika nchi kwa jumla kilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Kilichowaokoa Kole na Tunda kilikuwa kitanda, chakula na muuguzi aliyekuwapo, na hivyo vitatu serikali ya Kinshasa na wafadhili wake wanaweza kuvileta Kasongo, Kabambare na Nyangwe bila kusubiri ugunduzi wowote.